UZI: Madaktari wa meno Mombasa, shingo zenu ziko vipi? Tuambiane ukweli

Dkt_wa_Ngambo

Salaam nyote. Uzi huu nimeuweka kwa wenzangu wa meno lakini yeyote mwenye kazi ya kuinama kutwa aingie tu, hakuna kiingilio. Maneno ni haya. Kaa na madaktari wa meno wa mji huu wakishatoka kazini, pale kwenye kahawa, baada ya siasa na bei ya nyumba Nyali utasikia mmoja yuwalia na bega, mwengine kiuno, mwengine kidole gumba asubuhi hakikunjiki mpaka akiloweke maji moto, na kuna yule ambaye kila mwaka asema atauza kliniki akafuge kuku Kilifi. Kesho yake wote wako kwenye stuli ile ile wamejipinda vile vile. Tushazoea mpaka daktari asiyeumwa na mgongo twamuuliza kwani wewe huna wagonjwa?

Na si sisi peke yetu. Watafiti wa Australia mwaka 2009 walikusanya tafiti za nchi mbalimbali kuhusu watu wa fani ya meno wakakuta wenye maumivu ya misuli na viungo ni kati ya asilimia 64 na 93. Hata ukichukua ile ya chini bado ni zaidi ya nusu yetu. Uingereza nako 1997 waliangalia madaktari wa meno waliostaafu mapema kwa ajili ya afya, sababu iliyoongoza ilikuwa haya haya ya mifupa na misuli, asilimia 29.5, yaliyapita hata maradhi ya moyo.

Mimi rai yangu ni moja na najua kuna watakaonipinga. Mgonjwa tunamkalisha anavyotaka yeye halafu mwili wetu ndio unaomfuata. Uzee na kukosa mazoezi vinachangia sikatai, lakini vinakuja nyuma. Kaja mzee wa heshima zake, kanzu, kofia, bakora, umwambie mzee lala chali mpaka kichwa kiwe sawa na magoti? Atakwambia mwanangu mimi nina presha, niache hapa hapa nilivyo. Na wewe ulivyolelewa huwezi kubishana na mtu wa umri wa babako, unasema haya mzee, kisha unaenda kulitafuta gego la juu la nyuma kabisa umeinama, shingo umeigeuza, bega moja limefika masikioni, na unakaa hivyo mpaka kazi iishe. Mama wa buibui naye yuwaona haya kulazwa mbele ya daktari mwanamume, naelewa, basi anakaa wima na daktari ndiye anayekunjika. Mtoto ndio usiseme.

Nambieni nyinyi mwafanyaje, na msiniletee majibu ya semina, nataka ya kwenye kiti.

kisauni_finest

😂😂 kumbe na nyinyi mwaumia? Mimi nikilala pale najua nimekuja kuchinjwa, sijawahi hata kufikiria shingo ya mtu. Haya endeleeni, niko hapa nyuma nasoma.

Gego_la_Tatu

Daktari umesema kweli lakini umeruka kitu kimoja. Kioo. Chuoni tulifundishwa kutazama kwa kioo mpaka tukachoka, tukishatoka kioo kinakuwa cha kusukumia shavu tu. Meno ya juu ukitaka kuyaona moja kwa moja kwa macho lazima shingo iumie, hakuna namna, umbo la mdomo haliruhusu. Ukitumia kioo unakaa nyuma ya kichwa cha mgonjwa, mgongo umenyooka, viwiko viko ubavuni, unapiga kazi. Tatizo maji ya handpisi, ile mashine ya kutobolea jino, kioo kinajaa matone, na ukipata asistanti mzembe wa kusafisha basi huoni kitu unarudi kuchungulia.

asistanti_pwani

Ati asistanti mzembe 🙄

Daktari wangu, huyo asistanti ndiye ameshika sakshoni, ule mpira wa kuvuta mate, mkono mmoja, mkono wa pili anazuia ulimi, taa ni yeye, simu ya mapokezi ikilia ni yeye, na hicho kioo chako apulizie hewa kwa mkono upi? Na katika hadithi yote hii ya migongo ni nani aliyetutaja sisi. Nyinyi mna stuli ya kupanda na kushuka, mimi kazini kwangu nasimama kutwa nimejipinda upande mmoja, nikibahatika nakalia ile ya plastiki iliyoletwa kwa ajili ya watu wanaosubiri. Kiuno changu cha kulia mimi nikiamka asubuhi nakisikia kabla sijasikia adhana. Kuna daktari mmoja mgeni alikuja akanionyesha kwamba msaidizi anafaa akae juu kuliko daktari, sentimita kama 10 hadi 15, ndio aone ndani ya mdomo bila kuchungulia juu ya bega la mtu, na stuli yake iwe na ile pete ya kuwekea miguu. Nikamwambia bosi. Bosi akacheka.

Dkt_wa_Ngambo

Dada asistanti ana haki yake na ingefaa tusome mara mbili. Halafu wengi tunasahau kwamba msaidizi akikaa vizuri na wewe ndio unapata kukaa vizuri, kwa sababu vifaa anakupa mkononi huhitaji kujigeuza kuvitafuta nyuma. Kila ukijizungusha kiuno kuchukua kitu kwenye kabati la nyuma huku nyonga haijazunguka, umejiumiza. Trei iwe mbele, mahali mkono unafika bila bega kuondoka.

FizioTudor

Nimeona uzi nikasema hapa siwezi kupita. Mimi ni mfizio, mtu wa tiba ya viungo, watu wa meno nawaona sana, na wengi huja wakati maumivu yashakuwa mwenyeji, kwanza wamejitibu kwa dawa za kutuliza za kwenye droo yao wenyewe.

Kichwa cha mtu mzima ni kama kilo 5. Chukua dumu la maji la lita tano, libebe limekugusa kifua, unaweza kuzunguka nalo soko zima la Kongowea. Sasa linyooshe mbele mkono ukiwa mrefu uone kama utafika mlangoni. Dumu ni lile lile. Shingo ikiinama ndivyo inavyobeba. Kuna daktari wa upasuaji wa mgongo Marekani, Kenneth Hansraj, mwaka 2014 alipiga hesabu kwa modeli ya kompyuta, kichwa kikiinama nyuzi 15 mzigo kwenye shingo unakuwa kama kilo 12, nyuzi 30 kama kilo 18, nyuzi 60 kama kilo 27. Ni modeli, hakuna shingo ya mtu iliyopimwa pale, kwa hivo msizishike kama aya, lakini mwelekeo ndio huo.

Halafu kuinama kwenyewe mwili unakuvumilia. Kisichovumilika ni kuinama ukabaki. Msuli ukikaza na kulegea damu inaingia na kutoka. Ukikaza usilegee, ule mkazo unabana mishipa midogo ya damu ndani ya msuli wenyewe, hewa haifiki vizuri, taka hazitoki, msuli unachoka unaanza kuuma, na mwili ukiona hivyo unaazima misuli mingine ambayo hiyo si kazi yake. Ndio unamuona mtu bega moja juu kuliko lengine hata akiwa harusini. Misuli ya mbele ya kifua na shingo inafupika, ya nyuma baina ya mabega inaregea, na ukimwambia akae wima anaona kama umemfunga kamba.

Kiuno nacho ni hadithi ya stuli. Ukikaa chini sana magoti yakawa juu ya nyonga, ule mkunjo wa kawaida wa kiuno unapotea, mgongo unakuwa mviringo, diski zinabanwa upande wa mbele na kusukumwa nyuma. Panda juu kidogo mapaja yateremke mbele, nyayo zote ziwe chini. Zile stuli za umbo la tandiko la farasi ndio kazi yake hiyo, zinafungua pembe ya nyonga. Wengine hawazipendi wiki za mwanzo, mapaja yanauma, ni kawaida.

BamburiFit

Watu wangu hii yote ni kukosa gym tu. Madaktari mnakaa kwa gari, mnakaa kwa kliniki, mnakaa kwa sofa. Njooni Bamburi tubebe vyuma, mwezi mmoja hakuna mtu atalia mgongo.

FizioTudor

BamburiFit mazoezi ni mazuri na siwezi kuyapinga, kutembea, kuogelea, bahari tunayo bure pale Pirates. Lakini angalia unachobeba. Daktari wa meno mabega yake ya juu yameshakaza kutwa na kifua kimefupika, wewe unamlaza benchi apige kifua na kuinua mabega, umekaza kilichokaza. Huyo anataka kuvuta nyuma, misuli ya baina ya mabega, misuli ya ndani ya shingo, tumbo la chini, na anataka ustahimilivu zaidi kuliko uzito mkubwa. Na hata ukimjenga akawa mbao, ukimrudisha amejipinda saa nane kwa siku atakuja kwangu tu.

TibaSunna_MjiWaKale

Assalam aleikum. Hijama, yaani kuumikwa, ya mabega na mgongo wa juu, mashallah madaktari kadhaa wanakuja kwangu na wanarudi. Na mafuta ya simsim ya moto akachuliwe na anayejua kuchua.

FizioTudor

Waleikum salaam sheikh. Sina ugomvi, nafuu ya muda watu wanaipata, ilimradi vifaa ni vya kutumika mara moja na mikono ni misafi. Ila nakuomba hawa usiwaguse, uwatume hospitali siku hiyo hiyo: mwenye mguu unaoregea, mwenye ganzi makalioni na sehemu za siri, anayeshindwa kuzuia mkojo au choo. Huyo mishipa ya fahamu ya chini imebanwa na kila saa inahesabika.

TibaSunna_MjiWaKale

Nimekupata, na hao mimi siwapokei kabisa.

Bi_Skelingi

Hamjambo. Mimi si daktari, ni afisa wa afya ya kinywa, kazi yangu kubwa ni kusafisha meno. Sasa mwasema shingo, mimi langu ni mkono. Huku kwetu nina wazee wa tambuu, rangi imeganda kwenye meno tangu ujana wao, na vijana wa miraa na muguka, na kila mmoja anataka atoke meno meupe siku hiyo hiyo kwa sababu Jumamosi kuna harusi. Usiku naamshwa na ganzi, kidole gumba, cha shahada na cha kati, nautikisa mkono ndio inapungua. Asubuhi kikombe kinanitoka. Naogopa kusema kazini wasije wakaona siwezi kazi.

FizioTudor

Dada hiyo usiilalie. Vidole ulivyovitaja, gumba, shahada, cha kati na nusu ya pete, ni eneo la mshipa wa fahamu unaopita kwenye kijinjia chembamba pale kwenye kifundo cha mkono. Ukikunja kifundo muda mrefu huku unabana kitu kwa vidole, kile kijinjia kinabana. Kuamka usiku na kuutikisa mkono ni dalili yake ya kawaida kabisa. Kingekuwa kidole kidogo ningekuuliza kama unaegemea kiwiko mahali, huo ni mshipa mwengine. Nenda ukapimwe, kuna vipimo vya mezani na kuna cha umeme cha kupima mshipa wenyewe. Ikiwa mapema mara nyingi huanza na kifaa cha kushikilia kifundo kinyooke usiku na kupunguza kubana mchana. Ukisubiri mpaka nyama ya chini ya gumba ianze kupungua, hapo hata upasuaji unaweza kukurudishia nusu.

Na shingo nayo ikaguliwe, maana mshipa unaweza kubanwa juu ganzi ukaisikia vidoleni.

Gego_la_Tatu

Bi Skelingi na mimi nikuongeze kwa upande wa vifaa. Kwanza makali. Kifaa butu unakibana maradufu na bado ugaga hautoki, unaukwaruza unakuwa laini juu tu. Noa, na noa kabla ya mgonjwa si baada ya kuona kinateleza. Pili unene wa mpini. Watafiti wa California 2006 waliwapima watu wakisafisha meno kwa vifaa vya uzito na unene tofauti, wakaona mpini wa kipenyo cha milimita 10 na uzito usiozidi gramu 15 ndio uliohitaji nguvu kidogo zaidi ya vidole. Vile vyembamba vya chuma kizito ambavyo wengi tunavyo ndivyo vinavyotuchosha. Tatu glavu. Zile za boksi zisizo na kulia wala kushoto zinavuta gumba kulirudisha usawa wa kiganja, kutwa nzima unapigana na mpira, na ukivaa ndogo ndio kabisa. Nne mpira wa mashine, ile waya ya handpisi iliyojikunja kama springi inavuta mkono nyuma, bora ya kunyooka, na ukiipitisha juu ya mkono wako wa mbele uzito hauangukii kifundo.

Hao wa tambuu anza na mashine ya mtetemo, mkono umalizie. Na usiwapange watatu mfululizo.

Bi_Skelingi

Kuwapanga si mimi ni mapokezi 😭 ila nimeandika yote.

asistanti_pwani

Mapokezi nao mgongo wauma hawajaletwa hapa bado 😂

lokamu_wa_mji

Wakubwa mimi niko na swali tofauti. Mimi sio wa huku, nilikuja Mombasa baada ya intanship nikabaki. Niko lokamu, daktari wa kushikilia kliniki za watu kwa siku, leo niko Nyali, kesho Mikindani, Jumamosi Likoni. Kila kliniki na kiti chake. Kuna mahali kiti hakishuki, kimekwama juu, nafanya kazi viwiko viko hewani. Kuna mahali stuli gesi imeisha, unaanza mgonjwa uko juu, ukimaliza uko chini. Nikiuliza naambiwa daktari mwenzako alifanya hapa miaka mitano hakulalamika. Sasa hayo mambo ya tandiko la farasi mimi nitabeba kwa tuktuk?

Dkt_wa_Ngambo

Lokamu wangu pole, hili ndilo lililonifanya nianze huu uzi kusema kweli, kwa sababu lokamu ndio wengi sasa na hakuna anayemnunulia kitu. Kiti cha mtu huwezi kukibadilisha, ila kuna ya kubeba. Beba mto mdogo wa shingo wa mgonjwa, wa kuosha, unaoingia kwenye mkoba. Ukiuweka chini ya shingo mgonjwa mwenyewe anainua kidevu, meno ya juu yanakujia. Kiti kikiwa hakishuki basi pandisha stuli, na stuli ikiwa haipandi fanya kazi umesimama kwa zile kazi fupi. Kung'oa mimi nasimama hata nikiwa na stuli ya dhahabu. Wazee wetu wa fani walifanya yote wamesimama, kukaa kumeenea miaka ya 1960 huko viti vya kulaza mgonjwa vilipokuja, miguu ikapumzika, mzigo ukahamia shingoni na kiunoni. Kuchanganya ndio dawa, kaa, simama, kaa.

Na kumlaza mgonjwa nisipofafanua nitaambiwa nimeropoka. Meno ya juu, kiti kilale kabisa, kidevu cha mgonjwa kiwe juu. Meno ya chini, inua mgongo wa kiti kidogo, nyuzi kama 20, kidevu kishuke kifuani. Kichwa kiwe ukingoni kabisa mwa kiti upande wako, wengi wanakiacha katikati ya mto halafu wanajinyoosha kukifuata. Mdomo uwe usawa wa kiwiko chako au juu yake kidogo. Kisha mwambie geuka kwangu, geuka ukutani. Shingo yake itageuka kwa dakika chache aende nyumbani akalale, yako inarudi kesho.

Yule mzee wa presha simbishii. Namwambia mzee nataka nilione hili jino vizuri lisije likakusumbua tena, nitakushusha polepole, ukisikia vibaya inua mkono nasimama. Nashusha kwa awamu. Wengi hata hawasikii tofauti. Anayepumua kwa shida kweli, au mama mwenye mimba kubwa, huyo halazwi chali, mja mzito anaegeshwa ubavu wa kushoto kwa mto, hapo na mimi nagawa kazi siku mbili. Wa buibui nawapa shuka wajifunike miguu, na asistanti mwanamke yuko pale wakati wote, haya yanaondoka yenyewe.

kisauni_finest

Ile "geuka ukutani" nilidhani daktari hataki kunusa mdomo wangu 😂

wakili_mtaani

Nimesoma comenti ya bosi aliyecheka. Ndugu zangu mlioajiriwa, Kenya tuna Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inayomtaka mwajiri atengeneze mazingira ya kazi yasiyomuumiza mfanyakazi, na tuna Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini, ya 2007 vilevile, hii watu huiita WIBA. Watu hudhani WIBA ni ya aliyekatwa mkono na mashine Changamwe. La, inazungumzia na maradhi yanayotokana na kazi. Madai yanaanzia kwa mkurugenzi wa idara ya usalama na afya kazini, si mahakamani, Mahakama ya Juu ilishamaliza mjadala wa sheria hiyo Desemba 2019. Ugumu wa haya ya misuli ni ushahidi, maana hayana siku moja ya ajali. Kwa hivo toa taarifa kwa maandishi mapema, weka nakala, na daktari anayekuona mwambie unafanya kazi gani aandike. Kusema kwa mdomo kwenye korido hakutakusaidia.

Lokamu bila mkataba wa ajira umekaa vibaya, wewe kwa macho ya sheria huenda ukaonekana mtu wa kujitegemea. Tafuta bima yako, na uulize hasa kama inalipa ukishindwa kufanya kazi kwa maradhi, nyingi zinazouzwa ni za ajali peke yake.

lokamu_wa_mji

Hiyo ya bima hakuna mtu alitufunza chuo. Asante mkubwa.

Daktari_Chipukizi

Shikamooni. Niko mwaka wa nne Nairobi lakini kwetu ni Majengo. Nataka kununua lupu, ile miwani ya kukuzia, nimeona za bei rahisi mtandaoni, zinakuza mara 2.5. Shingo imeshaanza na bado sijamaliza chuo, ni kawaida kweli?

Dkt_wa_Ngambo

Marahaba mwanangu. Kuanza chuoni ni kawaida kuliko watu wanavyodhani, tabia ya kujipinda unaijenga huko. Lupu simama kwanza. Ukuzaji wa 2.5 hauna neno kwa kuanzia. Angalia vitu viwili, umbali wa kufanyia kazi na pembe ya kuteremka kwa lenzi. Zile za mtandaoni zimetengenezwa kwa mtu wa wastani asiyejulikana. Umbali ukiwa mfupi kuliko mikono yako itabidi usogee karibu ndio uone, na lenzi ikitazama mbele mno itabidi uinamishe kichwa chote ndio uone chini. Umelipa pesa ukanunua maumivu. Upimwe macho yako na mkao wako, umekaa wima, mtu apime kutoka jichoni mpaka pale mikono inapofanyia kazi. Siku hizi kuna zile zenye vioo vya kupindisha mwanga ndani, unatazama mbele kichwa kimenyooka na unaona chini, shingo inapenda, mfuko haupendi.

Wakati huna, taa. Taa ya kiti iweke karibu na mstari wa macho yako, kivuli kikipungua na kuinama kunapungua. Ni bure.

FizioTudor

Na kati ya mgonjwa na mgonjwa nusu dakika tu, si lazima kitanda cha mazoezi. Mikono nyuma ya kiuno, kifua mbele, kidevu ndani, tazama dari. Vua glavu uende dirishani utazame mbali. Kazi ndefu ya mzizi wa jino, weka simama katikati wakati unasubiri ganzi ikubali au picha itoke. Ramadhani ndio nawaona wengi, wagonjwa waliofunga wanasukumwa wote usiku baada ya tarawehe, daktari hajapumzika na yeye kafunga, anafanya kwa saa tatu bila kusimama.

Mkono_Kushoto

Nimesoma mpaka chini hakuna aliyenitaja. Mimi ni wa kushoto. Kiti, trei, sakshoni, taa, vyote vimewekwa vya kulia. Chuo walinilazimisha nijifunze kukaa upande wa kulia nikazoea nusu. Sasa kiuno changu kinazunguka upande ambao hata asistanti hajaelewa.

Gego_la_Tatu

Karibu ndugu. Kuna viti vinavyohamishika mkono wa vifaa kutoka kulia kwenda kushoto, ukinunua chako uliza hilo kabla ya rangi. Usipokuwa na hicho, trei ya magurudumu ipite juu ya kifua cha mgonjwa, haina upande. Na kaa nyuma ya kichwa muda mwingi uwezavyo, pale nyuma kulia na kushoto ni sawa, halafu kioo.

Mkono_Kushoto

Kioo tena 😅 sawa.

asistanti_pwani

Swali la mwisho kabla sijaenda kushika ferri. Hiyo stuli iliyoisha gesi, yetu nayo inashuka yenyewe, bosi asema inunuliwe mpya na mpya hainunuliwi. Inatengenezwa?

lokamu_wa_mji

Hata mimi nataka jibu la hiyo.

Dkt_wa_Ngambo

Inatengenezeka. Ile silinda ya katikati ndiyo inayokufa, na nyingi ni za aina ile ile ya viti vya ofisi, fundi wa viti anaipiga nyundo inatoka anaweka nyengine. Muhimu mpime urefu kabla hamjaenda, inapokuwa chini kabisa na inapokuwa juu kabisa, kwa sababu silinda zinatofautiana na mtu mfupi akiwekewa ndefu miguu inaning'inia. Ya asistanti ichukueni ndefu, na muulizie fundi ile pete ya miguu, huuzwa peke yake.

asistanti_pwani

Napima sasa hivi, bosi hayupo.